Jinsi ya Kumkamata Nondo Asiyehusika

Mahindi yameliwa, hilo halina mjadala. Majani ya katikati yamechanika-chanika, na ndani ya moyo wa muhindi kumejaa kinyesi kilicholowa kama unga wa mbao. Kilichobaki ni kumpata mhalifu, na Kampene, huku kwetu Maniema, haijawahi kupungukiwa na watu wenye kipaji hicho. Mwongozo huu ni wao: papa mwenye shamba ng'ambo ya kijito, mama aliyepanda mistari miwili ya mahindi pembeni ya muhogo, kijana aliyerudi kutoka kwenye mashimo ya dhahabu bila dhahabu na ambaye sasa anasimamia shamba la wazazi kwa sauti kubwa. Ukiufuata vizuri, kabla ya saa tano usiku utakuwa umemkamata nondo, umemsomea mashitaka na umemponda kwa kandambili. Kama ndiye aliyekula mahindi, hilo ni jambo jingine kabisa.

Anza kwa kuwasha taa. Taa ya sola iliyoning'inizwa barazani inatosha. Torchi ya kichwani ya mchimbaji inafaa pia, ila nondo watakuingia machoni. Kama mvua imenyesha mchana, huenda wa kwanza kufika wakawa kumbikumbi. Usiwaandike kwenye orodha ya washukiwa. Kumbikumbi ana mabawa manne yenye urefu mmoja, huyaangusha mwenyewe akishatua, na haachi vumbi vidoleni mwako kama nondo aachavyo. Wakusanye, wakaange kwa chumvi, kula, kisha rudi kwenye uchunguzi ukiwa na nguvu.

Hapa sayansi ingependa kuingilia kidogo. Mwaka 2024, watafiti waliowapiga wadudu picha za video za kasi kubwa karibu na taa walichapisha maelezo yao katika jarida la Nature Communications. Wanasema mdudu arukaye usiku hugeuzia mgongo wake upande wenye mwanga, kwa sababu tangu zamani za kale upande wenye mwanga ulikuwa juu, mbinguni. Taa yako ikiwa pembeni au chini, maskini anapinda, anazunguka, anapinduka, na kutoka tena hawezi. Kwa hiyo aliyeko kwenye taa yako hakuja kuungama. Alikuwa na safari zake, mbingu ikamhamia barazani kwako. Lakini tusiharibu jioni ya watu kwa mambo ya majarida. Kesi iendelee.

Chagua mshukiwa. Kanuni inayotumika kila kiambo ni kumchukua aliye mkubwa kuliko wote, na haina haja ya kufundishwa kwa sababu mkono unakwenda wenyewe. Atatua ukutani kwa kishindo, watoto watapiga kelele, na mtu mmoja atasema, "Ndiye huyo!" kabla hata hajaulizwa swali. Kwa heshima zote, huyo ni Bunaea alcinoe au mmoja wa jamaa zake wa ukoo wa nondo wakubwa. Mabawa yake yakitandazwa yanaweza kufika sentimita 16. Ni wa kahawia iliyoiva, na kwenye kila bawa la nyuma ana doa la duara la rangi ya machungwa linalokutazama popote ulipo.

Ushahidi dhidi yake ni mzito. Ni mkubwa, ana macho manne ukihesabu yale ya mabawani, ameingia bila kupiga hodi, na juzi mtoto wa jirani aliugua tumbo. Ushahidi wa kumtetea ni mmoja tu: hana mdomo wa kulia. Nondo wa ukoo huu akishatoka kwenye pupa hali chochote mpaka kufa. Anaishi siku chache kwa akiba ya mafuta aliyojiwekea alipokuwa kiwavi, anatafuta mwenzi, anataga, basi. Unamshitaki kwa kula shamba zima mtu ambaye tangu apate mabawa hajaonja hata tone la maji.

"Sawa," atasema yule kijana wa mashimo, "lakini watoto wake je?" Swali zuri, na jibu lake linaiaibisha mahakama. Watoto wa ukoo huu ni wale viwavi wa kwenye miti ambao Wakongo wengi wanawajua kwa jina la mbinzo, wanaouzwa sokoni kwa kipimo cha kikombe, wakavu au wabichi, na kupikwa kwa mawese na pilipili. Imbrasia oyemensis, kwa mfano, ambaye soko la Kisangani linamjua vizuri, hula majani ya mti wa sapeli juu kabisa msituni, wala mahindi hana habari nayo. Katika kesi hii, basi, mlalamikaji ndiye aliyekula familia ya mshitakiwa. Nashauri mmrudishe nje polepole na msizungumzie jambo hili tena.

Ukikosa huyo, yupo wa pili ambaye hukamatwa mchana: nondo mpana, mweusi-kahawia, mwenye mstari wa rangi ya maziwa unaokata mabawa na doa la jicho kwenye bawa la mbele, anayejibanza chini ya paa au nyuma ya pipa la maji. Anaitwa Cyligramma. Huyu hashitakiwi kwa mahindi. Hushitakiwa kwa uchawi, na hapo mwongozo huu unajiondoa kwa sababu hakuna hadubini ya kesi ya namna hiyo. Kuna pia yule mwenye mwili mnene na mabawa membamba, anayesimama hewani mbele ya ua huku akinyonya kwa ulimi mrefu kuliko mwili wake. Kiwavi wake, mkubwa mwenye pembe mkiani, ana kesi ya kujibu kuhusu matembele. Ya mahindi hapana.

Mhalifu mwenyewe ni nani? Mwenyewe ni kile kidudu cha kijivu ulichokipangusa kwenye mkono wa shati ili umwone vizuri yule mkubwa. Spodoptera frugiperda, ambaye Watanzania na Wakenya humwita kiwavijeshi vamizi. Ni mzaliwa wa Amerika. Marekani baridi humfyeka kila mwaka, akabaki kusini mwa Florida na Texas tu, na joto likirudi anaanza upya kupanda kaskazini. Kampene haina baridi ya kumfyeka mtu, na muhindi mbichi haukosekani mahali. Hapa hana haja ya likizo.

Afrika alitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 2016, katika Nigeria, Benin, Togo na São Tomé na Príncipe. Kufikia 2018 zaidi ya nchi 40 za bara hili zilikuwa zimemripoti, na Kongo yetu ilikuwemo. Mwaka huohuo alikuwa ameshafika India. Gari likitoka Kindu kuja Kampene linaweza kulala njiani, likaamka, likalala tena. Yeye akipata upepo mzuri huenda kilomita 100 kwa usiku mmoja, bila kulipa barieri hata moja. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwa na shamba la mahindi.

Sasa mtambue, kama unaweza. Mabawa yake yakinyooshwa ni sentimita 3 na ushee, hayazidi 4. Dume ana bawa la mbele la kijivu na kahawia lenye mawimbi, doa jeupe la pembetatu karibu na ncha, na lingine la kijivujivu lililolala mshazari katikati. Bawa la nyuma ni jeupe la kung'aa kidogo, lenye ukingo mwembamba mweusi. Hapo unafurahi, unasema umemweza. Kisha unakutana na jike: wa kijivu, bila doa la maana, kana kwamba alivaa gizani. Na hata dume, maelezo yake ni ya siku ya kwanza. Akishapigana na taa yako usiku mmoja, vumbi la mabawa linapukutika na doa jeupe linakwenda nalo. Anayebaki ni nondo mchakavu ambaye angeweza kuwa nondo yeyote wa Maniema.

Ndiyo maana jamaa zake husingiziwa. Wa kwanza ni Spodoptera exempta, kiwavijeshi wa Kiafrika, ambaye nchi za nyika, hasa Tanzania na Kenya, zinamjua kwa vizazi. Nondo wake ni wa kijivu vilevile na wa kimo kilekile. Tofauti iko kwa watoto. Wakiwa wengi, viwavi wa exempta hugeuka weusi na kutembea kwa maelfu, wakimaliza majani na nafaka upande huu, wakihamia upande ule. Huyu wa Amerika amepewa cheo cha jeshi lakini tabia zake ni za mtu mmoja mwenye roho mbaya. Wakiwa wachanga utawakuta wengi kwenye muhindi mmoja. Rudi baada ya siku kadhaa, utamkuta mmoja au wawili wanene, kwa sababu wengine wametawanyika na upepo na waliobaki wako tumboni mwa ndugu yao. Kwa hiyo ukiona jeshi linaandamana, huenda si kiwavijeshi unayemtafuta.

Wa pili ni Spodoptera littoralis, mpenzi wa pamba na nyanya. Bawa lake la mbele limechorwa mistari myeupe inayokatana mpaka unachoka kuifuata. Huyu naye huletwa mahakamani kwa kosa la shamba jingine.

Wa tatu anaitwa Mythimna loreyi, na namtaja kwa ajili ya wale watakaokuja na mtego wa kisasa. Kuna mtego wa ndoo unaowekwa harufu ya jike iliyotengenezwa maabara, ili madume wa frugiperda waje wakidhani wameitwa. Wanakuja kweli. Naye loreyi anakuja, ingawa hakualikwa, kwa sababu harufu hiyo inamchanganya na yeye. Sehemu mbalimbali za Afrika mitego hiyo imejaa wageni wa aina hii, na asiyejua kutofautisha anahesabu wote na kuandika ripoti ya kutisha. Ripoti ya kutisha ina faida zake, hasa kama semina itafuata na semina ina posho, lakini hayo si mambo ya nondo.

Labda utauliza wataalamu wenyewe hufanyaje. Nitajibu kwa adabu. Nondo akichakaa, wataalamu humchukua dume, wakakata ncha ya tumbo, wakaichemsha katika dawa hadi nyama ilainike, kisha wakatazama sehemu zake za siri chini ya hadubini. Kila spishi ina umbo lake huko, halifichiki. Wenye fedha zaidi husoma vinasaba. Kwa hiyo siku mtu akisimama barazani kwako, akamtazama nondo kwa mbali, mkono mmoja mfukoni, akatamka, "Huyu ndiye," muulize kwa upole, "Papa, umeona wapi?" Asipoona haya, mpe kiti. Ni mtaalamu kweli.

Ukishakata tamaa ya usiku, jaribu asubuhi. Najua hakuna fahari. Hakuna taa, hakuna watazamaji, kuna umande tu mpaka magotini. Nenda saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijapanda, chagua muhindi ulioliwa, uinamie. Majani ya nje yana madirisha madogo, sehemu ambazo viwavi wachanga walikwangua upande mmoja wa jani na kuacha ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Majani ya ndani yana matundu makubwa yenye kingo zilizochanika. Fungua moyo wa mmea kwa vidole viwili. Kinyesi kitamwagika kwanza. Chini yake kuna kiwavi amejikunja, wa kijani, wa kahawia au karibu na mweusi, kwa maana rangi yake haiaminiki. Mweke kiganjani, kichwa kikutazame. Usoni ana mchoro mweupe wa herufi Y iliyopinduliwa. Usiruke bado: viwavi wengi wa ukoo wake wana mshono huo kichwani, ila kwa huyu unang'aa. Sasa mgeuze utazame mkiani. Kwenye pingili ya pili kutoka mwisho kuna vidoa vinne vyeusi vilivyokaa kama pembe za mraba. Kwenye pingili nyingine vidoa vinne pia vipo, lakini viwili vimekaribiana na viwili vimeachana. Y inayong'aa pamoja na mraba: ndiye. Hakuna haja ya kumvua nguo mtu yeyote.

Ukikuta kiwavi asiye na mraba, wa rangi ya maziwa au ya waridi iliyofifia, na ameshaingia ndani ya bua lenyewe, huyo ni Busseola fusca, fundi wa kutoboa mabua, mwenyeji wa Afrika tangu hapo. Majani aliyoyapitia akiwa mdogo yakikunjuka huonyesha matundu madogo yaliyopangwa mstari. Baadaye jani la katikati linakauka, ukilivuta linatoka lote mkononi. Nondo wake? Wa kahawia. Bila shaka ni wa kahawia.

Kuna pia simu. Mwaka 2018 FAO na Chuo Kikuu cha Penn State walitoa programu iitwayo Nuru, ambayo unaielekezea jani lililoliwa nayo inakuambia kama dalili ni za kiwavijeshi vamizi. Sifa yake kubwa ni kwamba inafanya kazi bila intaneti, sifa ambayo Kampene inaithamini kuliko nyingine zote. Inataka tu simu yenye kamera nzuri na chaji, yaani inabidi uchague kati ya kuchaji simu na kuwasha ile taa ya barazani. Nimeshasema taa haina kazi katika shauri hili, lakini watu wanapenda taa.

Kuhusu adhabu, nitapita haraka, kwa sababu mtu akishamtambua kiwavi anajua la kufanya na vidole vyake. Mponde. Chini au juu ya jani tafuta pia fungu la mayai, 100 hadi 200 pamoja, yaliyofunikwa kwa manyoya ya kijivu aliyoyatoa mama yao tumboni mwake. Liponde pia, na usiahirishe, maana baada ya siku 2 au 3 yanaanguliwa. Jike mmoja anaweza kutaga 1,500 hadi 2,000 maishani, kwa hiyo dakika hiyo moja ya kidole gumba ina thamani kuliko usiku mzima wa kandambili. Wengine humwaga udongo mkavu au majivu kidogo ndani ya moyo wa muhindi. Sisimizi wakipanda wenyewe, waache wafanye kazi, hawadai mshahara.

Muuzaji wa sokoni atakupa unga mweupe kwenye mfuko usio na maandishi na kukuapia kwamba unaua kila kitu. Mwamini kabisa. Unaua kila kitu: sisimizi, nyigu anayetaga ndani ya mayai ya nondo, mama yake mbinzo aliyekuwa ukutani, na ukila bila kunawa, shamba litabaki na mahindi bila mwenyewe. Kiwavi mkubwa aliyejifunika kinyesi chini kabisa ya moyo wa mmea ndiye wa mwisho kupata habari.

Mwisho, vielelezo. Siku Leta, yaani serikali, ikimtuma Papa agronomu kutoka Kindu, atataka kuona, na hawezi kuonyeshwa alama ya kandambili ukutani. Nondo mkubwa kwa mdogo hafai kutiwa majini wala kwenye pombe, vumbi lote linatoka. Mkunje katika kipande cha karatasi kilichofanywa pembetatu, andika tarehe na mahali, mweke pakavu. Kiwavi ndiye anayetiwa kwenye pombe kali, na kama hospitali haina ya kukugawia, lutuku ya mara ya kwanza, ile inayoshika moto, itamshikilia kwa muda. Kwamba lutuku hiyo imepikwa kwa mahindi yaliyomponyoka ni jambo la kati yake na mahindi. Kazi yako ni kuandika kwenye chupa neno SUMU kwa herufi kubwa, kuchora fuvu la kichwa kwa ajili ya wasiosoma, na kuifungia ndani ya sanduku, maana shemeji anakuja Jumamosi, na shemeji hana habari na Y wala mraba.